Teksi ya Nuoro na kaburi la Deledda

Euro 20! Dereva alinizungusha Nuoro yote, mji wa kisiwani Sardinia, Italia, huku akinionyesha hiki na kile, nami mshamba naitikia, "Eeh, pazuri." Tulipolipita kanisa mara ya pili ndipo nikashtuka. Na hapo natoka kukesha melini, Civitavecchia hadi Olbia, kwenye kiti kisicholala, maana chumba chenye kitanda kilinishinda bei.

Nilikokuwa nakwenda ni Chiesa della Solitudine, kanisa dogo mguuni pa mlima Ortobene. Ndani kuna jeneza la graniti nyeusi alimolala mwandishi Grazia Deledda. Alifia Roma mwaka 1936, akarudishwa kwao 1959.

Bibi mmoja alikuwa anafagia nje. Nilipomsimulia habari ya teksi alicheka hadi akaegemea ufagio, kisha akauliza nimefuata nini huko. Nikamtaja Deledda.

"Huyo! Bibi yangu hakutaka jina lake litajwe mezani. Alituanika."

Tukakaa kwenye ngazi, mimi na Kiitaliano changu cha kuokoteza, yeye na chake chenye lafudhi ya Kisardinia. Deledda naye alikuwa hivyo hivyo: alizaliwa 1871 katika nyumba ya Kisardinia, akasoma miaka minne tu ya shule ya msingi, Kiitaliano kingine akakitafuta vitabuni. Hadithi zake zilianza kuchapishwa hajafika hata miaka 20, mji ukachachamaa: binti wa watu badala ya kungoja mchumba anaandika mapenzi! Mwaka 1900 akaolewa, akahamia Roma, na huko akaendelea kuandika wachungaji, wezi wa mifugo na mapadri wa huku. Akapewa Nobeli ya fasihi ya 1926, mwanamke wa pili baada ya Selma Lagerlöf. Mwanamke mwingine wa Italia hajaipata mpaka leo. Siku hizi mtaa aliozaliwa unaitwa kwa jina lake.

Mimi nina daftari. Yamo mambo ya shangazi zangu wa Lushoto, waliyoyasema kwa Kisambaa jikoni, nami nimeyaandika kwa Kiswahili cha shule. Hakuna anayejua kwamba lipo. Nikauliza, "Bibi, kwani alidanganya?"

"Angedanganya tungecheka tu, mwanangu. Tatizo kila mtu alijiona mle, na jirani yake akamwona."

Nilinyamaza. Namjua shangazi atakayekuwa wa kwanza kutoniitikia salamu.

Nyumba ya Deledda, ambayo sasa ni makumbusho, niliingia kesho yake. Jiko lenye moto wa kuni lilinivutia kuliko vitabu vilivyo kwenye kabati za vioo.

Siku ile ya kanisani, Bibi alinipa machungwa mawili na kunionyesha njia ya kushuka mjini. Nilitembea nikimenya. Nilifika mlangoni pa hoteli, chungwa la pili likiwa bado nusu.