Nilivyouelewa mkataba wa Guadalupe Hidalgo kupitia kijiji kimoja

Mwaka wangu wa kwanza wa masomo Albuquerque, mji wa jimbo la New Mexico, Marekani, nilipewa kazi ya kueleza kwa nini Wahispano wa jimbo hilo, wazao wa walowezi wa enzi za Hispania na Meksiko, bado wanadai ardhi ya babu zao. Nikausoma mara tatu mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa tarehe 2 Februari 1848, uliomaliza vita vya Marekani na Meksiko na kuiachia Marekani eneo hilo. Kifungu cha 8 kinaahidi kwamba mali za Wameksiko waliojikuta upande wa Marekani zitaheshimiwa. Sasa ardhi ilipoteaje? Wiki mbili zikapita sijaandika hata aya moja.

Nilikwamuka nilipogundua kwamba kifungu cha 10 hakimo. Hicho ndicho kilichozitaja waziwazi hati za ardhi zilizotolewa na Meksiko, na Seneti ya Marekani ilikifuta kabla ya kuridhia. Cha 9 nacho kilibadilishwa: awali kilisema watu hawa wataingizwa katika Muungano wa majimbo ya Marekani mapema iwezekanavyo, kikageuka kusema wakati ufaao, kwa uamuzi wa Bunge la Marekani. California ikapokelewa kama jimbo 1850. New Mexico ikangoja hadi 6 Januari 1912, miaka 64 bila seneta hata mmoja wa kuwatetea.

Kisha nikaachana na habari za eneo zima, nikafuata kijiji kimoja tu: San Miguel del Bado, kando ya mto Pecos. Mwaka 1794 Lorenzo Márquez na wenzake 51 waliomba ardhi pale. Kila familia ilikatiwa shamba lake karibu na maji. Malisho na msitu wa kuni vikawa vya wote. Mimi nimekulia kwa wafugaji, sikuhitaji kuelezwa kwamba shamba bila malisho ni njaa inayosubiri ukame. Mwaka 1897 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba ardhi ile ya pamoja ilikuwa mali ya serikali, si ya wanakijiji, tangu enzi za utawala wa Hispania, kwa hiyo sasa ni ya Marekani. Wanakijiji walidai zaidi ya ekari 300,000. Wakabaki na 5,000 na ushee, yaani yale mashamba. Usiku nilioisoma hukumu hiyo sikulala vizuri.

Asubuhi niliandika kurasa sita bila kusimama, nikianzia na kifungu kilichofutwa. Ukurasa wa mwisho niliuachia katiba ya New Mexico ya 1910, inayosema haki zilizoahidiwa na mkataba zitalindwa zisivunjwe, na chini yake nikaandika hesabu ya ekari.