Sifa Tulizowapa Wafiwa wa Tohoku

Leo ni tarehe 11 Machi, na tangu asubuhi nimekuwa nikisoma tena habari za Tohoku, ule ukanda wa kaskazini-mashariki mwa Japani uliopigwa mwaka 2011 na tetemeko la ukubwa wa 9.0, kisha na mawimbi ya tsunami ambayo katika baadhi ya mabonde ya pwani yalipanda hadi kufikia mita 40 hivi. Ilikuwa Ijumaa, saa nane na dakika 46 mchana kwa saa za huko. Sisi hapa Dar es Salaam ndio kwanza tulikuwa tunaingia kazini. Watu wapatao 15,900 walithibitishwa kufa, na wengine takriban 2,500 hawajapatikana hadi leo. Hesabu hizo ni za kutisha, lakini jambo linalonishughulisha mwaka huu ni maneno yaliyosemwa baada ya maji kurudi baharini, yaani yale ambayo watu wa mbali na wa karibu waliyaelekeza kwa walionusurika.

Neno la kwanza lilikuwa sifa. Katika siku zile za mwanzo, popote palipokuwa na televisheni, watu walishangaa kuona waathirika wamepanga mistari mirefu wakingoja maji na chakula bila kusukumana, na wazee wamekaa kimya kwenye sakafu za kumbi za michezo, wakimwinamia kwa heshima kila aliyewapa blanketi. Magazeti ya dunia nzima yaliandika kwamba hakuna uporaji. Miezi michache baadaye polisi wa Japani walieleza kwamba sefu zaidi ya 5,700 ziliokotwa katika vifusi zikakabidhiwa kwao, na kwamba sehemu kubwa ya fedha zilizokuwamo, zaidi ya yen bilioni mbili, zilirudishwa kwa wenyewe au kwa jamaa zao. Hata ofisini kwetu watu walikuwa wakisema, "Wenzetu wamestaarabika, sisi tungeshauana." Sipunguzi chochote katika uaminifu ule, mtu aliyepoteza nyumba na ndugu, kisha akaokota sefu ya jirani na kuipeleka polisi, ametenda jambo kubwa. Hata hivyo, kadiri ninavyosoma habari za miaka iliyofuata ndivyo ninavyoona kwamba sifa ile ilikuwa na sharti ndani yake, na kwamba waathirika walilisikia sharti hilo vizuri kuliko sisi tuliolitamka.

Tunalijua jambo hili kutoka misibani kwetu. Mfiwa anayejikaza husifiwa kwamba ana imani na moyo mkuu, na watu huondoka pale wakiwa wametulizwa naye. Lakini mfiwa anayeuliza kwa sauti ni nani aliyechelewesha gari la wagonjwa, au kwa nini daktari hakuwepo, huambiwa anyamaze, asikufuru, yaliyopita yamepita. Subira ni tunu kwetu, na imetubeba katika mengi. Ila kuna wakati tunamwomba mfiwa awe na subira kwa ajili ya utulivu wetu wenyewe, na naamini ndivyo dunia ilivyowafanyia watu wa Tohoku.

Ndani ya Japani kwenyewe mambo hayakuwa tofauti. Siku tatu tu baada ya janga, gavana wa Tokyo wa wakati huo, Shintaro Ishihara, alisema kwamba tsunami ile ni adhabu kutoka mbinguni kwa sababu ya ubinafsi wa Wajapani, na kwamba itumike kuusafisha. Kesho yake aliomba radhi. Mwezi uliofuata alichaguliwa tena. Hoja ya adhabu tunaifahamu sana. Mwaka 2004, tsunami ya Bahari ya Hindi ilipoua watu zaidi ya 220,000, kuanzia Aceh hadi Somalia, na kuwazamisha watu kadhaa hata hapa Tanzania, niliisikia barazani na katika nyumba za ibada za dini zote. Kinachoniumiza katika hoja hiyo ni kwamba anayeitoa huwa amesimama mahali pakavu. Hajawahi kumtazama mvuvi usoni na kumweleza ni dhambi gani ya mtoto wake wa darasa la pili iliyohitaji kuadhibiwa.

Kisha likaja suala la namna ya kuomboleza. Watu wa Tokyo walihimizwa wasifanye karamu za kutazama maua ya micheri mwaka ule, na shughuli nyingi zikaahirishwa nchi nzima kwa heshima ya wafu. Nia ilikuwa njema. Lakini watengenezaji wa sake, yaani pombe ya mchele, wa mkoa wa Iwate, mmojawapo wa mikoa iliyoumia zaidi, walijitokeza kwenye video wakiwasihi watu wa mijini waende wakatazame maua na wanywe sake ya Tohoku, kwa sababu biashara ikisimama watapigwa mara ya pili. Watu wa mbali walikuwa wamekwisha kuamua ni huzuni ya aina gani inayowafaa wafiwa, kabla ya kuwauliza wafiwa wenyewe.

Kisa ninachokirudia zaidi ni cha kuni za Rikuzentakata. Mji huo ulikuwa na msitu wa misonobari wapatao 70,000 kando ya bahari, na maji yaliung'oa wote ukabaki mti mmoja tu umesimama. Baadhi ya miti iliyoanguka ilipasuliwa vipande, na zaidi ya vipande 300 vikaandikwa kwa mkono majina ya waliokufa na maneno ya kuwaaga, ili vikachomwe Kyoto tarehe 16 Agosti, katika ile mioto mikubwa inayowashwa milimani kuzisindikiza roho za wafu. Habari zilipoenea, wakazi wa Kyoto walianza kulalamika kwamba moshi wa kuni hizo utaleta mionzi ya nyuklia. Rikuzentakata iko karibu kilomita 200 kutoka kinu cha nyuklia cha Fukushima, ambacho tsunami ile ilikiharibu kikavujisha mionzi, na kuni zilipopimwa hazikuonekana kuwa na mionzi. Hata hivyo mpango ulifutwa, na vipande vile vikachomwa hukohuko Rikuzentakata. Uamuzi huo nao ulilaaniwa nchi nzima, Kyoto wakabadili msimamo na kuagiza kuni nyingine, safari hii zikapimwa zikakutwa na cesium yenye mionzi kwenye magamba yake, na mpango ukafutwa kwa mara ya pili. Najiweka katika nafasi ya mtu aliyeandika jina la mkewe kwenye kipande cha msonobari, kisha akasikia kwamba mji unaosifika kwa mahekalu yake umelikataa jina hilo kwa hofu ya moshi. Hofu ya mionzi ilikuwa na sababu, kwa kuwa serikali na wenye kinu walikuwa wamechelewa kusema ukweli. Lakini iliangukia watu wasiokuwa na hatia yoyote.

Iliwaangukia na watoto. Zaidi ya watu 160,000 walihama makwao kwa sababu ya ajali ya Fukushima, na mwaka 2016 ilifahamika kwamba mvulana mmoja aliyehamia Yokohama akiwa na wazazi wake aliitwa kijidudu na wanafunzi wenzake, akapigwa, na akalazimishwa kuwapa fedha kwa madai kwamba familia yake imelipwa fidia. Aliandika kwamba alifikiria kufa mara nyingi, lakini kwa kuwa watu wengi sana walikufa katika janga lile, aliamua kuishi. Mwaka uliofuata, waziri wa ujenzi mpya, Masahiro Imamura, alisema kwamba ni afadhali janga lilitokea Tohoku kuliko karibu na mji mkuu. Alijiuzulu, na ilikuwa haki ajiuzulu. Watu wale wale waliosifiwa duniani kwa utulivu wao walikuwa, machoni pa baadhi ya wenzao, hasara iliyovumilika.

Ndiyo maana nawaheshimu sana wazazi wa Okawa, ambao hawakukubali kutulia. Shule ya msingi ya Okawa, katika mji wa Ishinomaki, ilikuwa kando ya mto Kitakami, karibu kilomita nne kutoka baharini. Baada ya tetemeko, watoto walitolewa wakakusanywa uwanjani, wakabaki hapo kwa takriban dakika 50, ilhali nyuma ya shule kulikuwa na kilima ambacho walikuwa wakikipanda kwa somo la kulima uyoga. Walipoondolewa hatimaye, walielekezwa upande wa daraja la mto, na maji yakawakuta njiani. Watoto 74 na walimu 10 waliangamia. Mama mmoja alijifunza kuendesha mtambo wa kuchimba, akapata leseni, akawa anachimbua matope kwa mikono yake mwenyewe akimtafuta binti yake.

Mwaka 2014 familia 19 zilifungua kesi dhidi ya mji na mkoa. Zilitukanwa kwa kufanya hivyo. Ziliambiwa kwamba zinatafuta fedha kwa vifo vya watoto, na kwamba haifai kuwashitaki walimu ambao nao wamekufa. Shinikizo hilo, katika nchi inayothamini utulivu kiasi kile, na katika kijiji ambamo kila mtu anamjua mwenzake, silioni kuwa dogo hata kidogo. Hawakurudi nyuma. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Sendai iliamua kwamba kosa lilianza muda mrefu kabla ya siku ile, kwa kuwa shule na bodi ya elimu hazikuandaa mpango wa kweli wa kuwaokoa watoto, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliikataa rufaa, fidia ya takriban yen bilioni 1.4 ikathibitishwa. Tangu hapo mamlaka za elimu kote Japani zinawajibika kisheria kufikiri mapema, hata pale ambapo ramani rasmi ya hatari inaonyesha kwamba maji hayatafika, kama ilivyoonyesha kwa Okawa.

Magofu ya shule yamehifadhiwa, na baadhi ya wazazi huwapokea wageni, walimu wengi wakiwa miongoni mwao, na kuwapandisha kile kilima cha nyuma. Ni mwendo wa dakika chache tu. Wakifika juu huwaonyesha uwanja ulipo, huwaeleza watoto walisimama wapi na kwa muda gani, na huwauliza walimu hao shule zao zimejiandaa vipi.