Kontrola ya sketibodi ya umeme: jinsi nilivyokomesha shoti

Kontrola ya kwanza ilikufa wiki ya tatu tangu niifunge. Nilikuwa narudi nyumbani Kigamboni jioni, kwenye kipande cha lami chenye viraka vingi. Nikasikia mlio mmoja mkavu, gurudumu likawa zito ghafla, nikajikuta nimesharuka pembeni. Nilipoigeuza sketibodi, moshi ulikuwa unatoka kwenye boksi la alumini chini ya ubao, na ile harufu ya kifaa kilichoungua ambayo kila fundi anaijua.

Betri yangu ni seli kumi za lithiamu zilizofuatana: volti 36 kwa maandishi, 42 ikijaa. Wengi huzidharau volti hizo kwa sababu hazimrushi mtu kama umeme wa ukutani. Lakini chanya na hasi zikikutana, seli hizo zinamwaga ampia nyingi kwa mpigo mmoja, na waya mwembamba unayeyuka kabla hujasema lolote. Na fyuzi sikuwa nimeweka. Niliitegemea bodi ya ulinzi iliyo ndani ya betri, ambayo ilikata umeme, ila baada ya madhara kutokea.

Sikuinunua nyingine mara moja. Nilitaka kwanza kujua imekufaje, maana kontrola ya pili ikifungwa vilevile itakufa vilevile.

Kazi ya kontrola ni kuupeleka umeme wa betri kwenye nyaya tatu za mota kwa zamu. Ndani kuna mosfeti sita, yaani swichi ndogo za elektroniki, mbili kwa kila waya: moja inauunganisha na chanya, nyingine na hasi. Nikatoa betri, nikaacha kapasita ziishe chaji, nikaweka mita kwenye kipimo cha dayodi, ncha nyekundu kwenye hasi ya kontrola, nyeusi nikaipitisha waya mmoja mmoja wa mota. Mbili zikasoma kama volti 0.5, ndivyo inavyotakiwa. Wa tatu ukasoma sifuri.

Mosfeti za aina hiyo zina bati mgongoni, na bati hilo limeungana na mguu wa kati. Zote sita zimekazwa kwenye kipande kimoja cha alumini cha kupoozea, kinachogusana na boksi, kwa hiyo kinachozitenganisha ni ngozi nyembamba ya silikoni ya kijivu. Nilipoibandua ile ya mosfeti ya upande wa chanya niliona tundu, na ndani yake chembe ya alumini ndogo kuliko ufuta. Chembe hiyo niliileta mimi. Nilitoboa boksi kwa drili kontrola ikiwa imefunguliwa palepale pembeni.

Tundu lile peke yake lisingeunguza kitu. Liliufanya ule mwili wote wa boksi ubebe chanya, ukanyamaza. Kilichomaliza kazi ni waya wa mota uliopita kwenye tundu nililolitoboa. Kingo zake zilikuwa kali, na kwa mtikisiko wa wiki tatu ngozi ya waya ikalika mpaka shaba ikaonekana, urefu wa kama punje ya mchele. Shaba ikagusa boksi, mosfeti ya upande wa hasi ikapitisha umeme kwa zamu yake, na betri nzima ikapita humo.

Ya pili nimeifunga tofauti. Kila kutoboa na kupiga msasa hufanyika kontrola ikiwa chumba kingine, na boksi linafutwa kwa brashi halafu kwa spiriti. Kingo za matundu nimezilainisha kwa tupa, nikazivisha mpira wa tyubu ya baiskeli, na kila waya nimeubana kwa zipu za plastiki za kufungia nyaya pande zote mbili za tundu ili usisugue. Maungio ya nyaya za mota nimeyakata urefu tofauti: hata plastiki za juu zikitoka, hayalingani kugusana. Nyaya nyembamba za sensa za mota zinapita njia yake, mbali na zile nene. Hizo hutumia volti 5, na zikiguswa na 42 bongo la kontrola linakwenda nazo. Fyuzi iko kwenye chanya, karibu kabisa na betri. (Anayetumia ubao wa nyuzi za kaboni aongeze tahadhari, kaboni hupitisha umeme.)

Huku kwetu kuna chumvi pia. Upepo wa bahari unaiacha juu ya bodi, chumvi inavuta unyevu, na baada ya muda unaona ukijani kwenye miguu ya vifaa. Nilisafisha bodi kwa brashi ya meno na spiriti kali, nikaikausha vizuri, nikaipaka vanishi ya bodi za elektroniki tabaka mbili, nikiziba kwanza soketi kwa utepe. Matundu ya nyaya nimeyaziba kwa silikoni, lakini si ile inayonuka siki. Harufu ile ni asidi, nayo inakula shaba.

Lakini kilichoniokoa zaidi nilifundishwa na mzee mmoja fundi redio wa mtaani. Nilimwendea nikiwa na kontrola mpya mkononi, nikamwamkia, akaitazama, akaniuliza, "Mwanangu, unataka kuipa umeme moja kwa moja?" Nikasema ndiyo mzee. Akatikisa kichwa. "Ipitishie kwanza kwenye taa. Kama kuna shoti, taa itakula umeme."

Balbu za indiketa za lori ni za volti 24. Nilifunga mbili mfululizo kwenye waya wa chanya, kati ya betri na kontrola. Ukiunganisha kitu kizima, zinamweka mara moja wakati kapasita zinajaa, kisha zinazimika. Zikibaki zinawaka kwa nguvu, kuna shoti, na hakuna kilichoungua. Siku ile ziliwaka zikabaki. Nikakuta uzi mmoja wa shaba, mwembamba kama unywele, umetoka kwenye maungio ya betri, upande wa kontrola, na kulalia hasi. Nikauondoa, nikaunganisha tena: zikamweka, zikazimika.

Sasa kila nikifungua boksi, hata kwa skrubu moja tu, balbu zile mbili zinarudi kwenye mstari kabla betri haijaunganishwa.