Saa kumi na moja ya nani? Siku moja ya mdizaini wa programu za simu, Arusha

Saa 12 asubuhi. Chai, chapati, kifodi (daladala ndogo) kutoka Sakina. Shemeji yangu husema kazi yangu ni kupaka rangi programu za simu. Ninachofanya ni kuhakikisha mtu anaifungua programu na kumaliza shida yake bila kumwita mtoto wa jirani amsaidie.

Saa 2 niko Soko la Kilombero, nimekalia ndoo iliyopinduliwa kando ya mama muuza nyanya. Shikamoo, marahaba mwanangu, nikampa simu yenye programu ya kuita kirikuu, gari dogo la mizigo, nikanyamaza. Hapo ndipo pagumu. Ukimwelekeza tu, jaribio limeharibika. Jua limewaka, maandishi yetu ya kijivu hayaonekani, anaikinga simu kwa kanga.

Anataka gari likachukue matenga yake Ngaramtoni saa kumi na moja alfajiri. Kidole kikazunguka, kikasita, kikagusa 11:00. Akabonyeza "Thibitisha", akanirudishia simu ametulia kabisa. Kwa programu, gari lingefika saa tano asubuhi, wateja wa jumla wameshaondoka. Nilipomweleza akauliza, "Nimekosea wapi, mwanangu?"

Hajakosea popote. Yeye anahesabu saa za usiku tangu jua lilipozama, kama sisi sote. Programu inahesabu tangu usiku wa manane.

Saa 4 mpaka saa 8, ofisini, kwenye Figma, programu ninayochorea skrini. Sasa unachagua kwanza Alfajiri, Asubuhi, Mchana, Jioni au Usiku, ndipo saa. Vitufe nimevitoa kwenye udogo wake hadi dp 48 (dp ni kipimo cha ukubwa kwenye skrini), kiwango cha chini kinachoshauriwa kwa Android, takriban milimita 9. Kijivu nimekifanya cheusi. "Thibitisha" imekuwa "Ita gari".

Kisha mteja wangu, mwenye programu, akapiga.

"Dada yangu, simu zote zinaandika 05:00. Watu wameshazoea." Nikamtumia video ya kile kidole, mama mwenyewe aliniruhusu. Akaitazama, akauliza kama huyo mama alisoma. Niliumia. Huyo mama anapiga hesabu ya matenga kumi kichwani huku akirudisha chenji. Nikaeleza tena. Akahamia kwenye nembo, iwe kubwa zaidi. Nikarudi kwenye saa. Akasema madereva watachanganyikiwa, nikasema nao husema saa kumi na moja. Umeme ukakatika, tukaendelea kwa simu, chaji asilimia tisa, sikio limepata moto. Akarudi kwenye nembo.

Sijui ilikuwa saa ngapi alipokubali zote mbili zikae pamoja: "Saa 11 alfajiri" kwa herufi kubwa, 05:00 chini yake. Nembo tutaijadili Ijumaa.

Macho yananiuma, mgongo hauna kauli. Kesho asubuhi narudi Kilombero na simu ileile, nikaikalie ndoo ileile, nimpe mama simu, ninyamaze.