Siku moja maishani mwangu: kete ndani ya miwani

Nikisema kazi yangu ni kutengeneza bao la kuchezwa kwa miwani ya uhalisia pepe, watu husema, "Kumbe kutwa unacheza gemu." Basi kutwa yenyewe ni hii.

Saa kumi na mbili asubuhi nachaji miwani, kamera na betri za akiba. Saa mbili niko barazani Mji Mkongwe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na vidude vyako?"

Leo tunarekodi mkono wake wa kulia. Anakomba kete shimoni, anazifumbata, kisha kidole gumba kinazisukuma nje mojamoja, shimo kwa shimo. Mkono hautazami, macho yako upande wa mpinzani, yanapiga hesabu. Kete ni mbegu za mkomwe, ngumu, na mlio wake zikigongana naurekodi pia. Pembeni wenzake wanarushiana vijembe. Navyo navichukua, kwa sababu mtoto anayejifunza bao lazima azoee kufikiri huku akichokozwa.

Saa tano hadi saa nane ni kusafisha picha na sauti.

Saa nane anapiga simu mteja anayetaka bao hili kwa ajili ya wanafunzi. Anataka "lirahisishwe". Kwanza, kunamua, yaani hatua ya kuingiza kete za mkononi, kuondolewe, watoto waanzie kwenye mtaji, hatua ya pili kete zote zikiwa ubaoni. Namweleza: kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, 6 kwenye nyumba, lile shimo lake maalumu, na 2 katika kila shimo kati ya mawili ya jirani, na 22 zimo mkononi. Kuziingiza hizo mojamoja ndiko kunakopanga vita: uilinde nyumba au uivunje kwa kuzisambaza kete zake, na uivunje lini? Ukikufuta, umefuta nusu ya akili ya mchezo.

Ananyamaza, kisha anakuja na jipya: mtoto akigusa shimo, kete zijisogeze zenyewe. Hapo damu inachemka. Mashimo ni 32, kete 64, na mchezaji anatakiwa aone kichwani, kabla hajagusa kitu, kama kete ya mwisho itakula kete za mpinzani au italala, zamu iishie hapo. Kompyuta ikimfanyia, atajifunza kubonyeza tu.

"Lakini kaka, watachoka."

Nikasema wachoke! Mabingwa wote wamepitia uchovu huo. Anamwita mwenzake, naanza maelezo upya, anarudi palepale. Tunakata simu alasiri imekwisha: kunamua kunabaki, mikono ya watoto inabaki, na nitaongeza kitufe cha kupunguza mwendo.

Baada ya hapo saa siziangalii tena. Kiganja kikificha vidole, kamera za miwani hazivioni, na kete zinadondoka mbilimbili. Kete moja ya ziada hubadili mchezo mzima. Narekebisha kidole gumba, navaa, navua, navaa tena. Macho yanawasha, shingo imekakamaa. Usiku mkubwa kete inadondoka moja, kwenye shimo lake, kwa mwendo uleule wa mzee. Najivunia hilo kuliko chochote nilichofanya wiki hii.

Kesho ni zamu ya jirani yake, anayechezea mkono wa kushoto, na vidole vyote vinaanza upya.