Gari Jipya na Harufu Tamu

Nailoni zilikuwa bado zimefunika viti vya nyuma nilipoanza kuisikia ile harufu. Sikutaka kuzitoa. Maisha yangu yote nilikuwa nimeendesha magari yaliyochoshwa na watu wengine, na hili lilikuwa la kwanza ambalo kiti chake hakijakaliwa na mtu kabla yangu. Kwa hiyo siku ya tisa, niliposhuka nikakutana na harufu tamutamu kama ya sukari iliyoungua, nilijiambia kuwa huo ndio upya wenyewe. Gari jipya hunuka, nani asiyejua?

Siku chache baadaye nilimpa shemeji lifti. Shemeji ni dereva wa malori, mtu wa maneno machache. Tulipofika akasimama mbele ya boneti, akavuta pumzi mara mbili.

"Shemeji, umeangalia maji?"

Nikacheka. "Gari lina kilomita 400 hili."

"Sijakuuliza kilomita."

Tukasubiri injini ipoe, tukafungua boneti. Kopo la kulanti, yaani maji ya rangi ya kupozea injini, lina mistari miwili, wa juu na wa chini, na ile kulanti ya waridi ilikuwa imeshuka chini ya mstari wa chini kiasi cha upana wa kidole. Nikamwonyesha kuwa mshale wa joto kwenye dashibodi haujawahi kuondoka katikati. Akaguna tu. Baadaye sana ndipo nilipokuja kuelewa kwamba katika magari mengi ya siku hizi mshale ule umepangwa ubaki katikati hata joto likicheza digrii kadhaa juu au chini, ili mwenye gari asiwe na wasiwasi. Unakutuliza kuliko unavyokuarifu.

Nikalirudisha walikoniuzia. Mhudumu alinipokea vizuri, akaniambia gari jipya huwa na hewa iliyobaki kwenye mfumo wa kupozea, na hewa ikitoka maji hushuka kidogo. Jambo hilo ni kweli, hutokea. Wakaongeza kulanti, nikaondoka nimeridhika.

Wiki iliyofuata ikashuka tena. Safari hii wakafunga pampu ya mkono kwenye mdomo wa kopo, wakaupa mfumo presha, tukasimama kuitazama geji. Haikusogea. Kwenye karatasi ya kazi wakaandika: hakuna tatizo lililoonekana.

Mara ya tatu nilijiharibia mwenyewe. Niliogopa gari lisije likachemsha njiani, gasketi ya silinda hedi ikaungua, halafu nikaambiwa nililiendesha bila maji na waranti hainihusu. Basi asubuhi ile, kabla ya kutoka nyumbani, nikaongeza kulanti hadi mstari wa juu. Fundi kijana akafungua boneti, akatazama kopo, akanitazama mimi.

"Limejaa, mzee."

Nilianza kueleza, nikasikia sauti yangu mwenyewe jinsi inavyobabaika. Alinisikiliza kwa adabu ile anayopewa mgonjwa anayependa hospitali.

Nakiri kwamba kuanzia hapo nilianza kujitilia shaka. Usiku nilitandika boksi lililokunjuliwa chini ya gari, na alfajiri nilitoka na tochi kulikagua. Kavu. Asubuhi nne mfululizo, kavu kabisa. Kopo nalo likazidi kushuka. Mke wangu aliniuliza kama nimeanza kulinda gari au kulichunguza.

Ni shemeji aliyenitoa kwenye ujinga ule. "Acha kuongeza. Piga alama." Nikachukua kalamu nene ya binti yangu, nikawa nachora mstari kwenye kopo kila asubuhi kabla ya kuwasha, na kupiga picha. Asubuhi tu, injini ikiwa baridi, kwa sababu maji yakipata moto hutanuka na kupanda, na mistari ya jioni isingekuwa na maana. Baada ya siku saba nilikuwa na mistari saba, kila mmoja chini ya mwenzake.

Nikaenda nayo, na safari hii nikaomba jambo moja: gari lilale pale, na mtu alitazame kabla halijawashwa. Mhudumu akasema huo sio utaratibu wao. Tulivutana, nisifiche, na sauti yangu ilipanda kuliko ilivyostahili. Fundi mmoja mtu mzima aliyekuwa akipita na spana akasimama, akaitazama mistari, akasema, "Liache."

Asubuhi akanipigia simu. Nilimkuta ameshalinyanyua na kufungua ile sahani ya plastiki inayofunika injini kwa chini. Ndani yake kuna sponji ya kuzuia kelele. Akaibonyeza kwa kidole gumba, ikatoka kulanti. Boksi langu lingeloaje, wakati sponji ndiyo iliyokuwa ikinywa yote? Na injini ilipopata moto, sponji ile ikafuka, ndiyo ile harufu.

Kisha akamulika mpira wa chini wa rejeta. Kwenye ncha yake palikuwa na tone moja la waridi, dogo kama punje ya mtama. Akalifuta. Tukasubiri. Likaja lingine.

"Sasa tazama," akasema, akamwambia kijana awashe. Baada ya dakika kadhaa akapafuta tena. Hapakutoka kitu. Kibano cha springi kinachoukaza mpira ule kwenye bomba kilikuwa kimekaa nusu juu ya ukingo wa bomba, hakijazama mahali pake. Mpira ukiwa baridi hunywea na kuacha upenyo. Ukipata moto hutanuka na kujiziba wenyewe. Na mimi kila mara nilikuwa nikiwapelekea gari lililotoka barabarani, lenye moto, nikitaka walione likivuja.

Alikirudisha kibano nyuma kwa koleo, upana wa kidole tu. Haikufika robo saa. Kilichochukua muda ni mimi kumsihi aandike kwenye karatasi kilichoonekana, pamoja na tarehe za mara zote tatu nilizokuja kabla. Aliandika, kwa mwandiko wa mtu anayetaka kwenda kunywa chai.

Nikampigia shemeji.

"Kibano," nikamwambia.

Akanyamaza kidogo. "Sasa toa na hizo nailoni."