Akavizunguka vijiji

Somo: Marko 6:1-13

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kisa cha Nazareti tunakijua. Yesu amerudi kwao, amefundisha siku ya sabato, na watu waliomwona akikua wanaulizana: huyu si yule seremala, mwana wa Mariamu? Wakajikwaa kwake. Mahubiri mengi niliyoyasikia huishia pale kwenye nabii kukosa heshima nchi ya kwao. Mimi mwenyewe niliung'ang'ania sana mstari huo mwaka jana, nilipoachwa katika uchaguzi wa wazee wa kanisa baada ya kuhudumu miaka tisa. Niliumia. Nikajiambia kwamba kama hata Bwana yalimpata, basi nami ninayo haki ya kukaa kwangu. Nikakaa. Jumapili nilikwenda ibadani, lakini kutembelea wagonjwa niliacha kabisa.

Sikuwa nimeusoma mstari wa sita hadi mwisho. Unaanza kwa kusema Yesu alistaajabia kutokuamini kwao, na papo hapo unaongeza kwamba akavizunguka vijiji akifundisha. Nazareti ilikuwa juu ya kilima. Luka anasema walimpeleka hadi ukingoni ili wamtupe chini. Ukitoka mji kama huo kwa miguu, ni kushuka na kupanda, kushuka na kupanda. Na yeye alitoka akiwa amekataliwa na watu waliomlea.

Haya nilikuja kuyaelewa kwa magoti yangu. Mwezi wa sita mwinjilisti mmoja mstaafu aliniomba nimsindikize kutoka Misheni ya Rungwe hadi Lutengano kwa njia za vilimani, tulale huko, kesho yake turudi kwa upande mwingine, upande wa mto Kiwira. Nikamwambia, "Baba, gari si zipo?" Akanijibu, "Mwanangu, gari linapita barabarani. Watu hawakai barabarani."

Wenyeji wa Mbeya mnaijua Rungwe ya mwezi wa sita. Ukungu haujui saa, manyunyu yanakuja na kwenda, na ule udongo wetu mweusi unateleza kama sabuni. Kupanda kunachosha pumzi tu. Kushuka ndiko kunakovunja mtu, maana kila bonde lina kijito, kila kijito kina gogo la kuvukia, na ukishavuka unaiona njia imesimama wima mbele yako katikati ya migomba. Mzee alikuwa na fimbo na mabuti ya mvua, basi. Mimi nilibeba begi zito, na kufika saa nne asubuhi nilikuwa nimekwisha kumwelewa Bwana alipowaambia wale Thenashara wasichukue kitu cha njiani isipokuwa fimbo tu, na viatu miguuni. Marko hakusahau viatu. Mtu aliyetembea milimani ataona upendo katika neno hilo dogo.

Tukipumzika alinisimulia habari za waliotangulia. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, Theodor Meyer akiwa miongoni mwao, wakipanda kwa miguu kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Mwenzao mmoja homa ilimchukua kabla hawajafika. Miaka mitatu baadaye, 1894, wakaanzisha kituo cha Rutenganio, ambacho sisi tunakiita Lutengano. Kwa Kinyakyusa lutengano ni amani. Nimelitaja jina hilo maisha yangu yote kama jina la kituo na shule, na siku ile, nikiwa nimekaa juu ya jiwe, soksi zimelowa, na kinyongo cha mwaka mzima kifuani, ndipo nililisikia.

Mlima Rungwe ulitufuata siku zote mbili. Ukiwa misheni umekuinamia kichwani. Kutoka Lutengano uko mbali, wa bluu, mpole, huwezi kudhani unakaribia mita 3,000. Mzee akanikumbusha habari ya kipunji. Watafiti walimwona nyani huyo katika msitu wa Rungwe mwaka 2003, na dunia ikatangaziwa kuwa amegunduliwa. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kwa jina zamani. Hakuwa ameandikwa tu.

Kesho yake tulilipita Daraja la Mungu, lile jiwe la volkano lililopita juu ya Kiwira, lakini hatukukaa, maana mvua ilikuwa inafungasha. Tukapanda mgongo wa mwisho. Juu yake kuna nyumba tatu. Katika ile ya kati alikuwa bibi mmoja ambaye zamani nilikuwa nikimtembelea kila mwezi. Sasa hatoki kitandani. Mjukuu alitupa chai ya maziwa na mbalaga ya moto, zile ndizi za kupika, nasi tukasogeza viti karibu na kitanda. Bibi alinitazama muda mrefu kisha akasema, "Nilidhani mmenifuta."

Hakusema kwa lawama. Alidhani kwamba kwa kuwa hawezi tena kupeleka sadaka, jina lake limeondolewa kitabuni. Uchaguzi wetu hakuwa na habari nao. Miezi yote ile niliyokuwa nyumbani nikijifananisha na Bwana aliyekataliwa, yeye alikuwa juu kule akisikiliza kama kuna miguu inayopanda.

Marko anaandika kwamba Nazareti Yesu hakufanya mwujiza wo wote, isipokuwa aliweka mikono juu ya wagonjwa wachache akawaponya. Siku hizi nasimama sana hapo. Katikati ya mji uliomkataa aliwaona wagonjwa wachache, akaenda walikolala.

Tulimsomea Zaburi, tukaomba. Mzee akaomba kwa Kinyakyusa, na bibi akaitikia kila sentensi. Tulipoaga alinishika mkono akasema, "Ndaga fijo," yaani asante sana, mara mbili, na mimi nikashindwa kujibu.

Wapendwa, Jumatano saa nane mchana nitapanda tena kwenye zile nyumba tatu, na ng'ambo ya bonde ziko nyingine mbili ambazo mzee ameniambia hazijafikiwa tangu Pasaka. Bwana aliwatuma wawili wawili, nami hadi leo niko peke yangu. Atakayeweza anikute kanisani kabla ya mvua, na aje na fimbo.